Barua ya wazi kwa walimu wa ajira mpya: msilipie chumba mlichokiona kwenye simu

Wanangu walimu,

Ninawaandikia kutoka Kahama, nikiwa mwalimu mkuu mstaafu, na ninaandika nikiwa na uchungu. Mwezi uliopita niliwashuhudia vijana wawili, mmoja mwalimu wa kike aliyekuja kuripoti shule ya msingi iliyo jirani na kwangu na mwingine muuguzi, wakikutana mbele ya mlango mmoja huko Malunga, kila mmoja na godoro lake juu ya bajaji, kila mmoja akidai kwamba chumba ni chake. Wote wawili walikuwa wamemtumia dalali yuleyule kodi ya miezi sita kwa simu. Alimpokea mwalimu stendi kwa ukarimu mkubwa, akamkabidhi ufunguo, akamwelekeza njia na kumwambia kwamba anamfuata na pikipiki. Ufunguo uliingia kwenye kitasa lakini haukuzunguka. Mama mwenye nyumba alipotoka nje, hakumfahamu yeyote kati yao, na wala hakuwa na chumba cha kupangisha. Zile picha za chumba walizotumiwa kwenye simu zilipigwa siku mpangaji wa zamani alipokuwa anahama, na zimekuwa zikizunguka kwenye simu za watu tangu wakati huo.

Binti yule ametoka Ruvuma. Fedha aliyotuma ilitokana na mahindi ya baba yake, kwa sababu mshahara wa kwanza ulikuwa haujaingia. Nilimuuliza kama alimpigia mwalimu mkuu wake kabla ya kusafiri, akanijibu kwamba aliona haya kumsumbua mtu asiyemfahamu. Sasa ninyi niambieni: mnaona haya kumsumbua mkuu wenu wa kazi, lakini hamuoni haya kumtumia mgeni akiba yote ya nyumbani? Mmesoma miaka kumi na zaidi, mnafundisha watoto kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu, kisha mnalipa nusu mwaka kwa picha nne na sauti nzuri. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na mtanisamehe nikilirudia.

Ukishapata barua ya kupangiwa kituo, mtu wa kwanza kumtafuta ni mwalimu mkuu wa shule unayokwenda. Muulize kama kuna nyumba ya shule iliyo wazi, na kama haipo, muulize walimu wengine wamepanga wapi, wanalipa kiasi gani, na nani amehama hivi karibuni. Walimu wanajua nyumba zote zinazozunguka shule yao, wanajua mwenye nyumba mkorofi na mwenye nyumba mwungwana, na wanajua mtaa ambao taa ikizimika hakuna apitaye kwa amani. Kama hakuna wa kukupokea, lala gesti siku chache. Hata ukiona gharama yake ni kubwa, haifikii nusu mwaka wa kodi uliopotea, na katika siku hizo utakuwa umekiona chumba kwa macho yako mchana na usiku.

Ukikipenda chumba, usimlipe aliyekuonyesha. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, jitambulishe, mwonyeshe barua yako ya kazi, umuulize nyumba ile ni ya nani. Mwenyekiti anayejua kazi yake atakujibu hapo hapo. Mwenye nyumba akiwa anaishi mbali, zungumza naye kwa simu mbele ya mwenyekiti, na umtake amtaje kwa maandishi mtu anayepokea fedha kwa niaba yake. Kisha ndipo muandikiane mkataba wenye majina kamili, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kumalizika, na sahihi za mashahidi, na kila shilingi unayotoa ipewe risiti. Mkigombana baadaye, karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa kuwa maneno ya mdomoni hayatakusaidia huko. Sisemi kwamba madalali wote ni wezi, kwani wapo hapa Kahama ninaowaheshimu, wanaotembea juani siku nzima kutafutia watu makazi. Lakini ujira wa dalali, ambao kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, hulipwa baada ya mlango kufunguka na mkataba kusainiwa. Anayeudai kabla ya hapo, achana naye.

Kuhusu bei, pigeni hesabu kwa fedha inayobaki mkononi, si kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, itachukua asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na aliyesomea mkopo atakatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15, kabla hujafikia kodi ya mapato na michango mingine. Kodi ya chumba isizidi robo ya kinachobaki. Ukipata chumba cha bei nafuu kilicho mbali, jumlisha nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi kwa siku zote za shule. Mara nyingi utagundua kwamba chumba ghali kilicho karibu ndicho rahisi.

Usalama unakaguliwa kwa mikono. Watu hutazama rangi ya ukuta na vigae, wakasahau kutazama juu. Katika nyumba nyingi za kupangisha zenye vyumba vilivyopangwa mstari, ukuta unaotenganisha vyumba huishia kwenye dari, haufiki kwenye bati, hivyo mtu akipanda darini katika chumba cha kwanza anaweza kutembea mpaka cha mwisho na kushukia kwako. Nilikuwa na mwalimu aliyeibiwa kompyuta na vyeti vyake kwa njia hiyo, huku kufuli la mlangoni likiwa halijaguswa. Basi omba kiti, panda, sukuma ubao wa dari, uangalie. Jaribu komeo la ndani ukiwa umefunga mlango. Shika nondo za dirisha uzitikise. Ukihamia, nunua kitasa kipya siku hiyohiyo, kwa sababu hujui ni wapangaji wangapi waliondoka na funguo za kile cha zamani. Choo kikiwa uani, tembea kwenda huko saa mbili usiku kabla ya kuamua, hasa ninyi mabinti. Na jiko la mkaa lisilale chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa maana hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Ulizeni ni nani mwingine anatumia mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, mtakayotumia na mnachangiaje. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo kubalianeni mapema namna atakavyokurudishia, na mwulize kama mita ina deni. Ulizeni maji ya bomba yanatoka siku zipi. Maji ya Ziwa Victoria yanafika mji huu, lakini si kila bomba linatoka kila siku.

Mabinti, nina neno lenu peke yenu. Ukipewa hifadhi nyumbani kwa mkuu wako wa kazi au kwa mwalimu mwenzako wa kiume anayeishi peke yake, shukuru kwa adabu na utafute kwa mwalimu wa kike au gesti. Hifadhi ya namna hiyo nimeona ikidaiwa malipo ambayo hayakutajwa mwanzoni. Mwenye nyumba anayekuja kugonga usiku kwa kisingizio cha kukagua bomba, mripoti kwa mwenyekiti mara ya kwanza, usingoje ya pili.

Lakini nisiwalaumu vijana peke yao. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji ameachwa akabiliane na mwenye nyumba peke yake. Katika mji wetu, mgodi wa Buzwagi ulipoanza uzalishaji mwaka 2009, kodi zilipangwa kwa kuangalia mfuko wa mfanyakazi wa mgodini, na mwalimu akasukumwa pembezoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake, na wanaokuja baada yao wanapokelewa na madalali stendi. Ninyi wazee wenzangu wenye nyumba, mnamdai kijana kodi ya miezi sita wakati mnajua kabisa kwamba mshahara wake wa kwanza haujaingia, kisha mnashangaa akiomba uhamisho kabla ya mwaka kwisha na wajukuu zenu wakabaki bila mwalimu wa hesabu. Pokeeni miezi mitatu, au mwezi kwa mwezi. Mtumishi mwenye barua ya ajira hawezi kuwakimbia.

Na ninyi walimu wakuu mlioachiwa viti tulivyokalia, majina ya walimu wapya mnayapata kabla hawajapanda basi. Mpigieni simu kila mmoja wao. Mtumeni mwalimu mmoja mwaminifu azungukie mtaa pamoja na mwenyekiti, aandike vyumba vilivyo wazi, bei zake na majina ya wenye nyumba, na orodha hiyo imkute mgeni ofisini siku anaporipoti. Yule binti wa Ruvuma kwa sasa analala kwa mwalimu mwenzake huko Nyasubi wakati polisi wakimtafuta dalali, na bado anahitaji chumba kilicho karibu na shule kwa bei anayoiweza. Mwenye nacho amwone mwenyekiti wa mtaa.

Ni mimi mama yenu,
Mwalimu mkuu mstaafu, Kahama