Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Maranda ya Mafinga bado si dizeli

Mheshimiwa Waziri,

Ukipita barabara ya Iringa kwenda Mbeya, moshi utakaouona Mafinga si wa mapishi. Ni maranda na mabanzi ya paina kutoka shamba la miti la Sao Hill, yanaungua nyuma ya viwanda vya kuchana mbao. Nimechana mbao hapa miaka mingi, na kila mara huja mtu wa kutuambia kuwa lundo lile ni dizeli inayopotea. Simbishii. Naomba tu usisaini mkataba wa kiwanda chochote kabla hujauliza habari za hatua ya pili.

Hatua ya kwanza si ngumu. Maranda makavu yakipashwa hadi nyuzi 500 hivi bila hewa, kwa sekunde chache, na mvuke wake ukapozwa upesi, zaidi ya nusu ya uzito hugeuka kimiminika cheusi. Mimi na fundi mmoja wa kuchomelea tulijaribu kwa pipa, tukapata lita chache tu za mafuta hayo meusi. Yalinuka kama samaki wa kubanikwa. Baada ya miezi miwili dumuni, maji yalikuwa yamejitenga na chini kumebaki uji mzito kama lami. Tulipoyatia kwenye dizeli yalikataa kuchanganyika. Msumari tuliousahau ndani tuliutoa umeliwa.

Mkosaji ni oksijeni. Hufika asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa mafuta hayo, na kilo moja ya mafuta hayo ikiungua, joto lake halifiki nusu ya lile la kilo ya dizeli. Kuing'oa oksijeni ndiyo hatua ya pili, na ndiyo kazi yenyewe. Unaweza kuyapitisha kwenye kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha nikeli na molibdenamu pamoja na hidrojeni yenye presha kubwa, oksijeni ikatoka kama maji; lakini hidrojeni hiyo itatoka wapi, na kwa bei gani? Zeolaiti, kichocheo kingine cha madini yenye vitundu vidogo sana, haihitaji hidrojeni, ila masizi huziba vitundu vyake upesi, na kaboni nyingi hupotea.

Marekani wameshaumia. Kampuni ya KiOR ilijenga kiwanda Columbus, Mississippi, cha kugeuza paina kuwa petroli na dizeli kwa kichocheo, kwa mkopo wa jimbo wa dola milioni 75. Mafuta kwa kila tani ya mti yakawa pungufu ya yaliyoahidiwa, na Novemba 2014 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nawaza wakata miti wa kule waliokwisha kununua malori.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, anza na mtambo mdogo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapewe maranda yetu haya haya, kisha watangaze hadharani: lita ngapi za dizeli kwa tani, kilo ngapi za hidrojeni, kichocheo kimedumu saa ngapi kabla ya kuchoka. Mwekezaji atakayekuja aulizwe hayo matatu.

Malori ya mbao huteremka Dar kila siku. Magunia kumi ya kwanza nimeshayaanika, yako chini ya turubai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mchana mbao, Mafinga