Roboti si rangi ya geti

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukusumbua. Mmewahi kukosea majina ya mito, mkamzika mchezaji ambaye siku hiyo hiyo alikuwa uwanjani, nikanyamaza. Lakini ile makala ya Jumapili ya juzi kuhusu filamu za kisayansi imenishinda kumeza. Unaikumbuka, ile yenye picha ya roboti mwekundu wa chuma ambaye hahusiani kabisa na habari yenyewe. Mwandishi wenu anadai kwamba hadithi ya mtu na roboti ni anasa ya wenye mabilioni, na anayejaribu bila mabilioni anatuchekesha tu. Sisi wengine, anashauri, tubaki na mapenzi, wachawi na mama wakwe.

Mimi ni seremala. Nimejenga majukwaa ya maigizo, kisha ya filamu, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nikisema kitu ni ghali au rahisi nazungumzia misumari niliyohesabu mwenyewe. Katika viumbe vyote vya kubuni, roboti mwenye sura ya mtu ndiye rahisi kuliko wote. Dinosaria lazima umtengeneze. Chombo cha angani lazima ukijenge. Huyu unamvalisha shati. Hadithi yenyewe inataka afanane nasi hadi tuchanganyikiwe, basi unachukua mtu, unamwambia asipepese macho na aongee kama anayesoma risiti, umemaliza. Kinachobaki ni wasiwasi wa mtazamaji, na huo hauuzwi dukani.

Hata hao wazungu anaowasifu walilijua hilo zamani. Kuna filamu ya mwaka 1982 inayoitwa tu Android, ya kampuni ya Roger Corman, bwana aliyekuwa hatupi hata kipande cha mbao. Waliipiga kwenye majukwaa yaliyobaki ya filamu nyingine. Roboti wake anaitwa Max 404, kachezwa na Don Keith Opper, ambaye pia alishiriki kuandika muswada, na mwilini hana hata kibati. Mwaka 2013 mwongozaji Caradog James akatoa The Machine, nayo filamu ya roboti mwenye sura ya mtu, kule Wales kwa bajeti isiyofika pauni milioni moja. Sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye kambi ya jeshi chini ya ardhi, gizani. Nilipoitazama nilicheka peke yangu: giza ni ukuta usiohitaji mbao! Hata Ex Machina, ambayo mwandishi wenu ameitaja kama ushahidi wake, iligharimu dola milioni 15. Najua, si hela ya kuchanga kwenye kikoba, lakini Hollywood hiyo ni chenji. Watu wanne, nyumba moja, na sehemu ya nyumba yenyewe ilikuwa hoteli huko Norway. Mwili wa nyaya walimchorea Alicia Vikander, aliyecheza roboti, baadaye kwa kompyuta, uso wakamwachia wake. Mwaka 2016 wakachukua Oscar ya madoido ya picha mbele ya Star Wars. Hilo mwandishi wenu hakuliandika. Labda nafasi iliisha kwa sababu ya picha ya roboti mwekundu.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika hivi. Karibu miaka kumi na tano iliyopita mpwa wangu aliandika muswada. Binti wa kazi anashuka basi la mkoani na mfuko wake wa rambo, anapokewa nyumba moja Magomeni. Anapika, anafua, hachoki. Haombi mshahara. Mwenye nyumba anafurahi wiki ya kwanza, wiki ya pili anaanza kuogopa, na usiku mmoja anaamka kwenda msalani anamkuta binti amesimama stoo, kaelekea ukutani, macho wazi. Basi. Filamu nzima ilihitaji nyumba, watu watano na stoo. Kazi ya seremala haikuwepo, jambo lililoniuma, lakini niliusoma muswada ule mara mbili kwa usiku mmoja na nikafunga mlango wa stoo yangu. Tukampelekea msambazaji mmoja wa filamu wa Kariakoo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na hela. Akasoma kurasa mbili, akauliza: "Sasa watu watajuaje kama huyu ni roboti?" Mpwa wangu akamjibu kwamba hiyo ndiyo hadithi, hawajui. Mzee yule akamtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea. Akasema roboti lazima ang'ae. Akatoa fedha, na fedha hizo zikanunua lita nne za rangi ya fedha, ile ya geti, pamoja na taa za Krismasi za kumzungushia binti kifuani, na jenereta ya kukodi ya kuziwasha, kwa sababu umeme mtaani ulikuwa unakatika kila tukisema "tayari". Jenereta ilinguruma hadi hatukusikia mwigizaji anasema nini. Siku ya pili binti alivimba uso. Siku ya tatu mama yake akaja na cheti cha zahanati na kaka zake wawili wenye vifua vipana. Filamu haikutoka. Nilipopiga hesabu, rangi, taa na jenereta vilikula zaidi ya malipo ya waigizaji wote watano, na bado roboti wetu alionekana kama mlango wa benki. Mpwa wangu leo anauza vipuri vya bajaji na hataki kusikia habari za filamu. Halafu mtu anakaa ofisini kwenye kiyoyozi anaandika kwamba tatizo letu ni umaskini.

Na hilo neno lenu nalo. "Androidi" limeandikwa mara kumi na mbili, nimehesabu, bila maelezo hata mahali pamoja. Mke wangu, aliyelisoma gazeti kabla yangu, alidhani mnatangaza simu. Kiswahili hakijaishiwa kiasi hicho, hata "mtu wa mashine" lingetosha. Na kama mwandishi angechimba kidogo angekuta kitu kizuri zaidi. Neno roboti lilianzia kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, na chanzo chake ni robota, yaani kazi ya lazima waliyofanyishwa watwana kwa mabwana zao. Watu wa pwani tunalo neno letu kwa hiyo kazi: shokoa. Tena viumbe vya Čapek havikuwa vya chuma, vilikuwa vya nyama kama mimi na wewe. Rangi ya fedha ilikuja baadaye, sijui nani aliileta, nahisi naye alikuwa msambazaji.

Mhariri, baba yangu aliletwa Tanga kutoka Kigoma kukata mkonge. Aliitwa manamba, na unajua kwa nini waliitwa manamba: walikuwa namba. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na nafasi 30 za kujaza, moja kwa kila siku ya kazi, na mshahara haukutoka mpaka zote zijazwe. Siku aliyougua haikuandikwa. Siku aliyokata pungufu haikuandikwa. Kuna miezi yake iliyochukua wiki sita. Alikufa akiikumbuka namba yake na akiwa amesahau mwaka wake wa kuzaliwa. Sasa nikamtazama huyo Max 404, anayetumwa kutwa, halafu anakuja kugundua kwamba bwana wake atamzima mara tu Cassandra, yule wa toleo jipya, atakapokuwa tayari. Mtu aniambie hiyo ni hadithi ya kizungu! Mtu aniambie inahitaji mabilioni kuielewa, katika mji huu wenye mabinti wa kazi wanaolala jikoni kila nyumba ya tatu na wanaoitwa "dada" ili jina lao lisikumbukwe! Mpwa wangu aliliona hilo akiwa na miaka ishirini na nne na daftari la shilingi mia tano. Mwandishi wenu, mwenye kompyuta na intaneti ya ofisi, ameona bei ya chuma.

Jirani zetu hawakungoja ruhusa. Neptune Frost ya mwaka 2021 ilipigwa Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosemwa humo. Roboti wa chuma hamna. Kuna wachimbaji wa koltani, yale madini yanayoingia kwenye simu, na mavazi yaliyoshonewa nyaya na vipande vya kompyuta zilizotupwa, vitu ambavyo hapa kwetu vinauzwa kwa kilo. Ilifika hadi tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Pendekezo langu ni hili. Mlete mwandishi wenu Muheza kwa gharama ya gazeti, kwa basi la kawaida. Nitamkalisha kwenye kiti cha mninga nilichokichonga mwenyewe, chumba cha uani, saa kumi na mbili jioni, taa moja upande wa kushoto. Nitampiga kwa kamera ya simu. Anachotakiwa ni kukaa sekunde 40 bila kupepesa macho, kisha aseme, "Mama, chakula tayari." Mke wangu atakuwa mtazamaji. Akiogopa, mtachapisha kwamba mlikosea, ukurasa wa mbele, siyo kule chini karibu na matangazo ya viwanja. Asipoogopa, nitakubali kwamba kweli tunahitaji mabilioni, na jamaa ataondoka na ile rangi ya fedha. Lita moja na nusu ilibaki. Nyingine niliipaka geti langu, na nakiri linang'aa sana.

Seremala mstaafu,
Muheza, Tanga