Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: chakula cha shuleni

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Mwaka jana niliposimama mbele yenu, nusu ya muda wangu ilikwenda kwenye madeni ya chakula. Mnazikumbuka zile barua zilizokuwa zikirudi ndani ya mabegi ya watoto. Tangu shule zilipofunguliwa Agosti, kila mwanafunzi katika wilaya yetu ya shule anapata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, awe mtoto wa daktari au wa mama anayefunga maboksi ghalani usiku kucha.

Nisijivishe kilemba kisicho changu. Jambo hili halikuletwa na chama. Mpango wa kulisha watoto wote bila kumuuliza mzazi kipato unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 2010, na jimbo letu la Kentucky lilikuwa kati ya majimbo matatu ya kwanza kuujaribu, mwaka 2011. Zamani, ili shule iingie, watoto 40 katika kila 100 walitakiwa wawe wanatambuliwa moja kwa moja kupitia fudi stempu, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, na misaada ya aina hiyo. Oktoba 2023 kiwango kikashushwa hadi 25, ndipo wilaya yetu nzima ikaweza kupita. Kazi yetu ilikuwa kwenda kwenye vikao vya bodi na kusubiri hadi usiku ili tupewe dakika tatu za kusema. Kina mama mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, viatu vya kazi vyenye ncha za chuma miguuni, mnajijua. Asanteni.

Kuhusu tafsiri. Barua ya kwanza ya shule ilitafsiriwa kwa kompyuta, ikatoka kwa Kiswahili inazungumzia mpango wa "chakula huru na kilichopunguzwa". Baba mmoja alinipigia simu kwa hasira: "Mwenyekiti, wanangu wamekosa nini hata wapunguziwe sahani?" Nilicheka. Kisha nikaona aibu, maana barua ile ilikuwa imelala mezani kwangu wiki mbili sijaifungua. Iliyopunguzwa ilikuwa bei, na "huru" ilikuwa na maana ya bure. Siku hizi barua za Kiswahili zinapita kwanza kwa kamati yetu, na menyu ya mwezi inawekwa picha ya nguruwe kwenye siku ambazo nyama yake inapikwa, jambo ambalo Waislamu na Wasabato wetu waliliomba kwa sauti moja.

Sasa maziwa. Oktoba nilipata ujumbe kwamba mwanangu anadaiwa. Nikaenda shule nikiwa nimejiandaa kugombana. Kumbe kijana hubeba chapati na maharage kutoka nyumbani, halafu anapanga foleni kuchukua pakiti ya maziwa tu. Kinachotolewa bure ni mlo: mchana mtoto achukue angalau aina tatu kati ya tano zilizopo, na mojawapo iwe tunda au mboga. Maziwa peke yake yanauzwa. Yule mama wa kaunta alinionyesha kapu la tofaa, akasema kijana angechukua moja la hayo na kipande cha mkate pamoja na maziwa yake, asingeandikiwa kitu. Waambieni watoto. Na madeni ya miaka ya nyuma hayakufutwa. Mwenye barua ya zamani amwone katibu tuone tutakavyozungumza na shule.

Ninalotaka mlisikilize kwa masikio yote mawili ni hili. Serikali kuu hailipii kila sahani sawasawa. Inachukua idadi ya watoto wanaotambuliwa, inaizidisha kwa 1.6. Wakiwa 40 katika 100, milo 64 inalipwa kwa kiwango cha juu, na ile 36 iliyobaki inapewa senti chache. Pengo linazibwa na wilaya. Kwa hiyo hesabu inapofanywa upya, kila mtoto wetu aliyetoka kwenye orodha ya wanaotambuliwa anaongeza mzigo kwa jiko zima.

Na wanatoka. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye fudi stempu mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Sisi tuliolelewa na kadi ya posho kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, tunajua maana ya jina kukatwa kwenye orodha. Lakini wengi mmekata tamaa kupita kiasi, mkadhani nyumba nzima imefungiwa. Sivyo. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, na anaweza kuombewa fudi stempu hata kama mzazi hastahili. Akipata yeye, ndugu zake wote wanaoishi na kula nyumba hiyo wanahesabiwa shuleni pamoja naye, mradi shule ijue kuwa ni wa nyumba moja. Wenye ukaazi wa kudumu nao waombe. Wanaoogopa kuitwa mzigo kwa serikali: mkimbizi hapimwi kwa kipimo hicho anapoomba ukaazi, na shule haiulizi karatasi za mtoto anayekula.

Kiwango cha malipo cha wilaya hakibadiliki kwa miaka minne, hivyo sahani haitaondoka kesho. Hesabu mpya itatazama hali ya Aprili 2029. Kuna pia ile fomu ya kipato cha kaya. Najua mnauliza ya nini wakati chakula ni bure. Inatumika kupata fedha nyingine za shule. Jazeni.

Mambo mengine kwa kifupi: uchaguzi wa kamati umesogezwa hadi Februari kwa sababu ya theluji. Mafunzo ya udereva yanaendelea. Mahesabu atayasoma mhazini, na namwomba safari hii asiruke ukurasa wa michango, maana jina langu limo kati ya wasiolipa.

Baada ya hapo, mezani pale nyuma kuna vijana wawili wenye kompyuta, watawasaidia kuomba fudi stempu. Mwenye mtoto aliyezaliwa Marekani apite na cheti chake cha kuzaliwa.