Mhariri, huko siyo kusukumana tu

Mhariri, habari za kazi. Makala yenu ya treni zinazoelea nimeisoma yote na picha zake nzuri, ila pale mlipoandika superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote kikipozwa sana, inaelea juu ya sumaku kwa vile "zinasukumana kama ncha mbili za kaskazini" mmetupotosha jamani. Chukueni sumaku mbili za spika mbovu, jaribuni kuielesha moja juu ya mwenzie, itachomoka pembeni au itajipindua ikagande, na mwanahisabati Mwingereza Earnshaw alishaonyesha tangu 1842 kwamba haiwezekani itulie.

Superkondakta kama YBCO (kauri ya yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni) ukiipoza kwa naitrojeni ya kimiminika, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, uga wa sumaku unapenya kidogo halafu unanasa kwenye kasoro za fuwele, sumaku ikitaka kuondoka inarudishwa. Ndo maana ukigeuza juu chini sumaku inabaki inaning'inia hewani. Kusukumana gani huko?

Utamu uko kwenye hesabu. Mtu akiuliza sumaku ikiwa milimita 10 toka kwenye superkondakta nguvu ni kiasi gani, na wewe muulize, sumaku imefikaje hapo? Ukipoza superkondakta wakati sumaku iko mbali, kisha ukaishusha sumaku, msukumo unakuwa mkubwa, ila ukianza kuipandisha, kwa umbali uleule msukumo umeshapungua na unaweza hata kugeuka kuvuta. Ukipoza wakati sumaku iko karibu tayari, msukumo ni mdogo lakini pembeni inashikilia kwelikweli. Sasa ile njia ya kuchora sumaku kivuli upande wa pili kama kwenye kioo inakupa jibu lilelile ukishuka ukipanda, kwa hiyo ni ya makadirio tu. Wanaokokotoa kwa umakini wanatumia modeli ya Bean ya 1962, wanakatakata superkondakta vipande vidogo ndani ya kompyuta na kufuata safari ya sumaku hatua kwa hatua, mkondo wa umeme unavyoingia kutokea nje kwenda ndani. Kompyuta inachoka, lakini ndo ukweli wenyewe.

Halafu treni ya Shanghai haina superkondakta hata moja, ni sumaku za umeme za kawaida. Ya Japani iliyogonga kilomita 603 kwa saa 2015 inazo, ila zimo kwenye treni zikifanya kazi na koili za njiani. Mliyokuwa mnaielezea nyie ni kama kile kigari cha Chengdu, China, kilichobeba watu mwaka 2000 juu ya njia ya sumaku za kudumu.

Naombeni masahihisho toleo lijalo, maana wanafunzi wangu wa kidato cha nne washaikata makala na kuibandika ukutani.

Mwalimu wa fizikia, Morogoro