Ukuta wa madrasa unatupika, tuchangieni chokaa

Assalaam aleikum wazee wetu, mama zetu, na nyie vijana mlioko Dar na Uarabuni mliosomea hapahapa Mji Mkongwe Bagamoyo mkachapwa hapahapa.

Ule ukuta wa magharibi wenye vidaka vya misahafu mnaukumbuka? Sasa njoo baada ya Asri uweke kiganja, utakitoa mwenyewe, moto kama pasi. Watoto wamehamisha majamvi wamebanana katikati ya chumba kama dagaa. Na kule chini ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe, ukiuonja ni chumvi tupu.

Tusimlaumu mtu, ni sisi wenyewe tulimpa fundi aupige simenti kwa nje, ukang'aa, tukapiga na picha. Kumbe mawe ya matumbawe yananyonya maji toka ardhini, na zamani yale maji yalikuwa yanapita kwenye chokaa yanakauka na upepo, sasa simenti imeziba kwa hiyo yanatokea ndani pamoja na chumvi yake na ndo inayobandua lipu ya wazee. Halafu ukuta mbichi unapitisha joto kuliko mkavu, hili mi mwenyewe sikulijua, nilidhani joto na unyevu ni kesi mbili.

Kuna ndugu kashauri tuweke jipsamu na foamu kwa ndani halafu tufunge eisi. Tumemshukuru, tumekataa. Vidaka vitazikwa, na unyevu utabaki nyuma ya bodi unaozesha kimyakimya. Na pale kidaka cha tatu, mnajua wenyewe, zipo alama za vidole vya fundi aliyelainisha lipu ikiwa mbichi, ukishabandua pale umemfuta mtu.

Basi kazi yote iwe nje. Simenti itolewe kwa patasi na nyundo, grinda hapana, ukuta uachwe ukauke kaskazi hii, ndo ipigwe chokaa ya kuloweka na mchanga wa mto (wa pwani una chumvi, tutarudi palepale) na usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) uliokatwakatwa, unazuia nyufa na kuacha vitundu vya hewa. Makoti matatu, kila koti lifunikwe magunia mabichi lisikaushwe na jua. Juu chokaa nyeupe irudishe jua. Haitakuwa eisi, tusidanganyane, ila watoto watarudi ukutani. Ndani ni brashi kavu ya kupangusa chumvi, basi. Kibali cha Idara ya Mambo ya Kale tunafuatilia.

Mwenye elfu mbili alete, mwenye mfuko wa chokaa, mwenye tripu ya mchanga. Mama zetu wauza nazi msitupe makumbi jamani, ndo usumba wenyewe. Chokaa inataka kukaa shimoni wiki kadhaa na masika haitusubiri, kwa hiyo Ijumaa baada ya sala tunachimba shimo, njoo na jembe lako, la madrasa limevunjika mpini.