Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara wa Kenya: alama zetu za Uingereza zisituponyoke

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Mombasa. Naandika kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunaouza kikoi na mikoba nje hatujaelezwa vizuri, nalo ni kwamba Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya zile alama za biashara tulizosajili huko ziligawanyika mara mbili. Zamani ukisajili pale Alicante, Hispania, kwenye ofisi ya alama ya Umoja wa Ulaya, umemaliza, Umoja mzima na Uingereza ndani. Au ulipitia KIPI, taasisi yetu ya kusajili alama na patenti hapa nyumbani, kwa ule mpango wa Madrid wa kuombea nchi nyingi kwa ombi moja, maana Kenya imo tangu 1998, unachagua Umoja wa Ulaya na Uingereza inaingia humo humo. Hiyo iliisha 31 Desemba 2020.

Patenti, yaani haki za uvumbuzi, hazikuguswa, na hapa watu wanachanganya sana. Ofisi ya patenti ya Ulaya iliyoko Munich si ya Umoja wa Ulaya, ina mkataba wake wa 1973 na Uingereza bado ni mwanachama.

Shida iko kwa alama. Waingereza walifanya la maana, kila alama iliyokuwa tayari imesajiliwa Umoja wa Ulaya waliitengenezea nakala ya kwao bure, zaidi ya milioni moja, lakini vyeti havikutumwa, kwa hivyo mtu anaweza kuwa na alama Uingereza na hajui. Ukiitafuta kwenye rejista yao namba inaanza na UK009, na kama ulipitia Madrid ni UK008, na hii ya UK008 ndiyo inanitia wasiwasi zaidi kwa sababu imeshakatwa kutoka Madrid, ukilipa ada ya kuihuisha kule Geneva, makao ya mpango wa Madrid, ukadhani umelipia kote kumbe umelipia Ulaya tu, ya Uingereza inalipwa Uingereza kwenyewe. Alama inadumu miaka 10, kwa hivyo waliopeleka maombi 2016 na 2017 zamu yao ndiyo hii.

Halafu kuna suala la kuitumia. Kama unauza Ujerumani na Ufaransa pekee na Uingereza hujauza kitu tangu 2021, ile miaka 5 ya alama kukaa bila kutumika imeshatimia na mtu yeyote anaweza kuomba alama yako ifutwe kule.

Mheshimiwa, haya si mambo ya mawakili tu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili jina KIKOY liwe lake. Kikoi! Kitambaa ambacho babu zetu wamejifunga, chenye milia yake pembeni na matamvua tunayosokota kwa mkono. Ilibidi ombi lipingwe ndio likaachwa 2008, na wakati huo rejista za kuchunga zilikuwa zinashikana, sasa ni mbili kabisa, kila moja na ada yake na siku zake za kupinga.

Serikali imesaini mikataba ya biashara na pande zote mbili, wa Uingereza unatumika tangu 2021 na wa Umoja wa Ulaya tangu 1 Julai 2024, yaani tunahimizwa tuuze kote kuwili. Basi tusaidiwe na hili pia. Rejista ya Uingereza iko wazi onlaini, jina la mwenye alama na nchi yake viko pale. Naomba uwape KIPI maafisa wawili watatu wazitafute UK008 na UK009 zote za Wakenya, wawapigie wenyewe simu wawaambie siku ya kulipa ni lini na wanalipa wapi.

Wako,
Muuza kikoi, Mombasa