Kwa nini mashine huvuta karatasi mbili

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa wote hapo Tanga. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa mashine ya kutia taarifa za wateja kwenye bahasha. Umeuliza kwa nini wakati mwingine huvuta karatasi mbili badala ya moja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, kwa kuwa kukunja, kusukuma ndani ya bahasha, kulowesha gundi na kufunga ni mambo mepesi ukilinganisha na kutenga karatasi moja kutoka kwenye rundo.

Ukifunua kifuniko cha trei utaona rola ya mpira inayoivuta karatasi ya juu, na chini yake kipande cha mpira kisichozunguka, ambacho huizuia ya pili isifuate. Vyote viwili hutegemea msuguano tu. Rola ikishika vumbi la karatasi huteleza isivute chochote. Pengo kati ya rola na kipande hicho likizidi, zinapita mbili kwa pamoja. Kwa hiyo futa mpira mara kwa mara, kisha upime pengo kwa kipande cha karatasi ile ile utakayotumia siku hiyo, wala si kwa kipande chochote kilichookotwa mezani.

Tena kuna unyevu. Hapo pwani, rimu ikiachwa wazi usiku kucha hunyonya unyevu, kingo zikapinda na karatasi zikashikana. Na penye kiyoyozi kinachokausha hewa, umeme tuli huzishikanisha vilevile. Fungua rimu wakati wa kuipakia, uzichanue karatasi kwa vidole hewa ipite katikati.

Sensa ya karatasi mbili, yaani kihisi kinachotambua karatasi mbili zikipita pamoja, ambayo mafundi wenye haraka hupenda kuizima, usiizime kamwe. Karatasi iliyojificha chini ya nyingine, alama yake ya pembeni haisomwi, mashine haijui mteja mmoja ameishia wapi, na taarifa ya akaunti ya mtu inaingia kwenye bahasha ya mwingine.

Hata posta ya Marekani, ambako mashine moja huchambua barua zaidi ya 30,000 kwa saa, kila barua ikisafiri wima katikati ya mikanda miwili, hofu ni hiyo hiyo: bahasha mbili zikishikana, kamera husoma anwani ya mbele tu.

Ukibadilisha mpira wa rola, nitumie picha ya ule wa zamani. Ukiwa umelika upande mmoja, basi karatasi zinaingia kwa mshazari, na tutaanza kurekebisha vizuizi vya pembeni vya trei.

Wako akupendaye,
Rafikiyo